Tundu Nililoliziba

Pamba ikilowa mawese na kukaa siku mbili tatu hutoa harufu ambayo si ya jikoni wala ya gereji. Ni nzito, ina uchachu kidogo, na ikikushika puani haitoki upesi. Mwezi uliopita fundi aliyekuja kurekebisha mlango wangu alitoa mfukoni kitambaa cha namna hiyo akapaka bawaba. Nilimwomba anisubiri, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Alidhani naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa na miaka tisa, nimepiga magoti kwenye mchanga wa Kibirizi, mwalo wetu wa kupandishia vyombo kando ya ziwa, nimeshika nyundo ya mbao isiyokuwa yangu.

Nitaeleza kwa mpangilio. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiyakumbuka mambo haya vipande vipande, na kila kipande kikiwa peke yake hunipendelea.

Mama Mkubwa Zaituni, dada yake mama, tuliyeishi naye nyumba moja, alikuwa na chombo cha tanga. Hakikuwa mtumbwi, wala hakikufanana na boti za dagaa zinazotoka na taa zake jioni. Kilikuwa chombo cha kusafiria, cha mbao, hatua kumi na moja za miguu yangu ya wakati ule, na ndani yake kulikuwa na chumba chenye vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa na kabati la vikombe. Mume na mke wa Kizungu waliokizungusha ziwani miaka mingi walimwajiri awe mpishi wao. Akapika, akajifunza kushika usukani, akajifunza kusoma upepo, na walipozeeka na kurudi kwao wakamwachia. Ubavuni kiliandikwa Hamjambo. Kiangazi chote aliwachukua wageni na kuwapitisha kando ya milima hadi vijiji vya kusini, siku nne au tano, kisha akawarudisha. Mimi nilikwenda naye wakati wa likizo, na kitanda cha kushoto kilikuwa changu.

Katika mwalo mzima hapakuwa na mwanamke mwingine aliyemiliki chombo na kukiendesha mwenyewe.

Mvua zikikaribia, Hamjambo ilipandishwa nchi kavu. Ziwa letu wakati huo hugeuka bila kuaga, na chombo chenye mkuku mrefu, ule uti wa mbao wa chini, hakiwezi kuachwa kwenye nanga kipigwe miezi sita. Wachukuzi walipanga magogo mchangani, wakayapaka masalio ya mawese, yale mazito ya chini ya pipa, na chombo kikateleza juu yake hadi mahali ambapo mawimbi hayafiki. Kikaegemezwa kwa miti sita, mitatu kila upande. Baada ya hapo ilianza kazi ya kukivua. Tanga liliteremshwa, likaoshwa chumvi ya jasho na mavi ya ndege, likaanikwa, likakunjwa na kupelekwa kwetu Buzebazeba. Mlingoti uling'olewa na kulazwa ubavuni, ukaacha tundu la mraba kwenye sitaha. Vikombe vilitoka, godoro langu likatoka. Mfuniko wa chumba uliachwa wazi ili mbao zipumue, na juu ya vyote likafungwa turubai.

Jambo la mwisho lilikuwa kizibo. Kilikuwa kipande cha mti mgumu, kinene kama kidole gumba cha mwanamume, na kilikaa chini kabisa upande wa nyuma, jirani na mkuku. Pale mwaloni palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: anayetoa kizibo ndiye anayekaa nacho, na ndiye atakayekirudisha siku ya kushusha chombo majini. Mkono wa pili haukigusi. Hivyo hakuna chombo kitakachoingia ziwani huku kila mtu akidhani mwenzake ameziba. Ukitaka kujua chombo ni cha nani, watu walikuwa wakisema, uliza kizibo kinalala nyumbani kwa nani. Cha Hamjambo kililala kwetu, ndani ya kopo la unga wa muhogo.

Jambo hilo lilimkera Bwana Rajabu, mkuu wa wachukuzi. Siku ya kutoa kizibo alikuja akasimama mikono kiunoni.

“Nahodha wa masufuria,” alimwita Mama Mkubwa. “Chombo kikubwa hivi, kizibo chake kwenye unga? Siku utakisonga na ugali tubaki tunatafuta.”

“Nikikisonga wewe ndiye utakayekipata, Rajabu. Nani mwingine anakwangua sufuria mpaka chini?”

Wachukuzi wakacheka. Yeye alicheka kidogo, kisha akaacha.

“Utani utani, Bi Zaituni. Wenye vyombo wamekaa, wamesema. Hamjambo ni nzito, haifanani na hizi zetu. Ikianguka inamwangukia mtu. Likitokea jambo, hata moja, kizibo kinakuja kwangu, na mwenye kuamua lini inashuka na lini inapanda ni mimi.”

“Halitatokea.”

“Haya. Wote mmesikia.”

Wote walisikia, na mimi nilisikia. Katika kichwa changu maneno yale yalikaa kwa namna moja tu: Hamjambo isipatwe na kitu.

Mama Mkubwa akapiga magoti, akazungusha kizibo, akakivuta. Maji ya kahawia yakatoka kwa nguvu, kisha kwa unyonge, kisha tone moja moja, yakiwa na utando wa mafuta juu yake. Niliangalia lile tundu jeusi likidondosha. Sikuona chombo kinachokaushwa. Niliona kitu kilichotobolewa.

“Hamlizibi tena?” niliuliza.

“Hapana. Linakaa hivyo mpaka kiangazi.”

Hakuniambia kwa nini. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu pale mwaloni hata mbuzi walijua kwa nini.

Lazima niseme kuhusu nyumba yetu, maana bila hiyo nitaonekana mjinga kuliko nilivyokuwa. Buzebazeba tuliishi chini ya mteremko. Mvua ikinyesha, maji hayakutujia kwa juu. Bati letu lilikuwa zima. Yalikuja kwa chini, kupitia tundu kwenye ukuta wa nyuma, yakaingia chini ya kitanda. Wingu likitanda tu mama alikuwa akipaza sauti, “Ziba!” na mimi nilikimbia na matambara. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika nyumba, na niliifanya vizuri. Kwangu mimi mvua ilikuwa kitu kinachoingia kwa tundu la chini.

Na kuziba nilikuwa nimefundishwa hasa. Fundi Ndayi, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na aliyekuwa akitengeneza mbao za Hamjambo kila mwaka, aliniruhusu kukaa karibu naye anapokalafati. Nilimsokotea pamba, nikaichovya kwenye mawese, naye akaishindilia kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti.

“Usiijaze kama mwizi anayeficha kitu, mwana wanje,” alikuwa akisema, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao. “Weka kidogo, piga. Weka kidogo, piga. Isikie ikikubali.”

Siku chache baada ya kizibo kutolewa, Ijumaa mchana, wanaume wengi walikuwa msikitini, na Fundi alikwenda kula. Upande wa Kongo milima ilikuwa imefutika. Kilichobaki ni ukuta wa rangi ya masizi uliokuwa ukisogea juu ya maji. Kisanduku cha vifaa kilikuwa wazi. Nilisokota pamba, nikaichovya, nikaingia chini ya chombo upande wa nyuma. Niliweka kidogo, nikapiga. Niliweka kidogo, nikapiga. Tabaka la tatu lilipoingia sauti ya nyundo ilibadilika, ikawa ngumu, nikajua imekubali. Nilifuta mikono kwenye gauni. Mawese hayafutiki, yaliacha alama ya rangi ya chungwa kwenye pindo. Nikarudisha nyundo mahali pake na kukimbia nyumbani kabla ya matone ya kwanza. Sikumwambia mtu. Nilitaka waje wagundue wenyewe kwamba chombo kimekauka, washangae, waulize nani.

Mvua ilinyesha siku tatu. Jumapili jirani alikuja kusema upepo umerarua turubai la Hamjambo. Mama Mkubwa alikuwa akichambua mchele.

“Maji yakiingia yatatoka,” alisema, wala hakuinua macho.

Nami nikajisemea moyoni kwamba hajui, maskini, hayataingia kabisa.

Jumatatu kulikucha kweupe. Tulipofika mwaloni Fundi Ndayi alikuwa tayari chini ya chombo, amelala chali juu ya gunia, anakwangua ukoga kwenye mkuku. Miguu yake tu ndiyo iliyokuwa nje. Mama Mkubwa alibaki juu kidogo akizungumza na Bwana Rajabu kuhusu turubai jipya. Mimi nilikwenda moja kwa moja nyuma, kuangalia kazi yangu. Pamba ilikuwa pale pale, kavu, haijatoa hata unyevu. Nilifurahi.

Kisha nikaona ubavu. Kati ya ubao na ubao palikuwa na matone, yamejipanga mistari, kama shanga. Jua lilikuwa limeshapiga kwa muda, na mitumbwi ya jirani ilikuwa imekauka.

“Shikamoo Fundi. Mbona inatoa maji?”

“Marahaba. Mbao zinatoa jasho, mwana wanje. Siku tatu za mvua, hata wewe ungetoa.”

Niligonga ubavu kwa ngumi. Nilitarajia sauti ya ngoma, kwa sababu chombo kitupu kililia hivyo siku zote. Tulikuwa tukikipiga kwa mchezo. Hakikulia. Kilitoa sauti fupi, nzito, iliyokufa. Nilikuwa nimejaza mitungi tangu nikiwa na miaka sita. Niliijua sauti ya mtungi uliojaa.

Sijui ilichukua muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba nilitazama juu, kwenye turubai lililoning'inia kama sikio la mbuzi, kisha nikatazama chini, kwenye pamba yangu, na maneno ya Mama Mkubwa yakageuka maana. Yakiingia yatatoka. Yalikuwa yameingia. Yalikuwa yote humo ndani, siku tatu nzima za mvua, na nilikuwa nimeyafungia mlango.

Mti wa katikati wa upande wa kushoto uliingia kwenye mchanga uliolowa. Uliingia urefu wa ukucha tu, na ukatoa sauti kama muwa unapovunjwa.

“Fundi, toka.”

“Nitoke niende wapi? Chai imekuja?”

“Toka!”

“Yoo! Huyu mtoto leo ananipigia kelele kama mke wangu.” Na akaendelea kukwangua.

Nilikuwa na njia mbili, na nitasema ukweli kwamba nilizipima zote mbili. Ningeweza kupiga kelele kwamba mti unazama, bila kusema kitu kingine, na labda asingejua mtu. Lakini wangeanza kuchimbua miti na kusukumana, na hakuna ambaye angejua uzito uliokuwa juu yao. Nilikimbia kwa Mama Mkubwa, nikamvuta khanga.

“Nimeliziba,” nilimwambia kwa sauti ya chini.

“Umeziba nini?”

“Tundu. Kwa pamba. Ijumaa.”

Bwana Rajabu alikuwa amegeuka akiita mtu, hakusikia. Mama Mkubwa alinitazama, akatazama chombo, akatazama ile miguu miwili mchangani. Uso wake haukubadilika. Nilichoona kikibadilika ni mkono: vidole vilikaza khanga.

“Ndayi,” aliita, taratibu kama anayemwamsha mgonjwa. “Acha hicho chuma hapo hapo. Jivute utoke kwa upande wa kichwa. Usiguse mti.”

Labda ni kwa sababu hakupaza sauti. Fundi hakufanya mzaha tena. Tuliona miguu ikipotea chini ya chombo, na kichwa kikatokea upande wa pili, macho yamemtoka.

“Imejaa,” Mama Mkubwa alimwambia Bwana Rajabu. “Leta watu. Mabega ubavuni, kila upande, na mtu asipande juu.”

Sasa ni lazima niseme jambo jema la Bwana Rajabu. Hakuuliza. Alipiga mluzi mmoja, na wachukuzi wakaacha magunia ya dagaa waliyokuwa wakiyabeba, wakaja mbio, kumi kumi kila upande. Yeye mwenyewe aliweka bega kwenye mti wa katikati, ule uliokuwa ukizama.

“Nani anaingia kutoboa?” aliuliza.

“Naingia mimi,” Fundi alisema.

“Umri wako mkubwa kuliko wa chombo,” Mama Mkubwa akajibu. “Na kizibo nilikitoa mimi.”

Akakunja khanga kiunoni, akachukua chuma chembamba cha kuchokolea pamba, akalala kifudifudi, akaingia.

Nyundo haikufaa, kila pigo lingetikisa miti. Ilibidi achokoe. Kila mara mkono wake ulirudi nyuma na uzi mmoja wa pamba, mrefu, wa rangi ya chungwa, akautupa, mkono ukaingia tena. Nilisimama nikihesabu nyuzi zile. Ningekuwa nimefanya kazi mbaya, ingetoka yote kwa mvuto mmoja. Ilitoka kidogo kidogo kwa sababu niliiweka kidogo kidogo. Mti ukalia tena. Bwana Rajabu akasema, “Ya Allah,” na shingo yake ikajaa mishipa.

“Bado?” akauliza.

“Bado. Nyamaza nisikie.”

Ilikuja ghafla. Kwanza mlio, kisha maji, mshipi mnene wa kahawia uliompiga usoni na kifuani. Alitoka akijivuta kwa viwiko. Lakini maji sasa yalikimbilia kwenye mguu wa miti, yakaanza kula mchanga.

“Mfereji!” Fundi alipaza sauti, na wawili wakaanza kuchimba kwa makasia na mikono, wakiyaelekeza maji ziwani. Mti wa katikati ukaanguka, na ile miwili ya pembeni ikalegea. Kwa muda ule, pumzi ishirini hivi, hakuna kilichoshika upande wa kushoto wa Hamjambo isipokuwa mabega ya watu kumi. Ubao mmoja ulipasuka kwa mlio wa bunduki. Mtu mmoja alianza kusoma shahada. Kisha, taratibu sana, mabega yakaanza kunyooka, kwa sababu chombo kilikuwa kikipungua uzito. Wakaweka mti mwingine, wakaikaza ile miwili. Wakakaa chini wote, pale pale kwenye tope.

Bwana Rajabu aliokota uzi wa pamba, akaunusa.

“Hii imezibwa na mtu,” alisema. “Tena mtu anayejua kazi. Nani?”

Fundi Ndayi aliinua kichwa. Alikuwa ananitazama, si usoni, bali kwenye pindo la gauni.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

“Mimi,” alisema Mama Mkubwa. Maji yalikuwa bado yanamtiririka kwenye kidevu. “Niliogopa nyoka wasiingie. Nikasahau.”

Mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikapita kwa wote, kile kicheko cha watu waliotoka kwenye hatari.

“Nyoka!” Bwana Rajabu alisema akijipiga paja. “Nahodha mzima anaziba tundu la kutolea maji anaogopa nyoka! Lete kizibo, Bi Zaituni. Leo hii.”

Alikileta mchana ule ule. Nilikwenda naye. Njiani hakunipiga wala hakunigombeza. Alisema maneno mawili matatu tu, na ya kwanza yalikuwa haya: “Uliziba vizuri. Hilo ndilo lililonitisha.”

“Kwa nini hukuwaambia ni mimi?”

“Ningewaambia, wangesema watoto wasikanyage mwaloni. Ungejifunzia wapi?”

“Nitawaambia mimi.”

“Utaniambia mimi kwanza ukiamua,” alisema. Nikasema ndiyo. Sikumwambia kesho yake, wala wiki iliyofuata, na hakuniuliza.

Miezi ile ya mvua ilikuwa mirefu. Fundi alibadilisha ubao uliopasuka na hakutaka nimsokotee pamba; hakukasirika, alisema tu kwamba mikono yake ina kazi ya kutosha. Mama Mkubwa alipotaka kujua lini chombo chake kitashuka, alikwenda kuuliza kibarazani kwa Bwana Rajabu, kama mtu anayeomba maji kwa jirani.

Kiangazi kilipoingia Hamjambo ilishushwa. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Bwana Rajabu alipiga magoti nyuma ya chombo, akatoa kizibo alichokivaa shingoni kwa uzi, akakizungusha mpaka kikashika. Mama Mkubwa alikuwa ameshaingia ziwani, maji ya kiuno, anaisubiri, mikono yake haina kazi.

Kamba ilinyooshwa, wakubwa kwa wadogo tukaishika. Pale kwetu chombo hakivutwi bila wimbo, na kila msimu hutungiwa wake. Wa mwaka ule mmoja wa wachukuzi aliutunga papo hapo, na ulikuwa mwepesi, kila mtu aliudaka mara moja.

“Nani aliziba tundu?” aliita.

“Bi Zaituni!” wakaitikia, na kamba ikavutwa.

“Nani anaogopa nyoka?”

“Bi Zaituni!”

Yeye mwenyewe alikuwa akicheka kule majini, akipunga mkono, jinsi mtu anavyocheka akijua anatazamwa. Fundi Ndayi alikuwa mbele yangu kwenye kamba. Alivuta kwa nguvu zake zote, lakini mdomo ulifungwa. Aligeuka akaniangalia, akasubiri. Mtoto wa kushoto kwangu alikuwa akiitikia, wa kulia alikuwa akiitikia, na mimi pekee katika mstari ule wa watoto nilikuwa kimya, na kimya changu nilikisikia kikisikika.

“Nani aliziba tundu?”

Nikaitikia.